Kumkinga Mwanajeshi na Malaria: Mwongozo kwa Makamanda na Matabibu wa Vikosi vya Lamu

Mwanajeshi anayepelekwa Lamu hufundishwa mambo mengi kabla ya kupanda gari: jinsi ya kupita katika msitu wa Boni, jinsi ya kuitazama barabara ya mchanga kabla ya kuikanyaga, jinsi ya kuishi na wanavijiji wa Basuba na Kiunga bila kuvunjiana heshima. Jambo la mbu huachiwa tabibu wa kikosi, naye hupewa robo saa ya mwisho, wakati watu wamekwisha kufunga mizigo na hakuna anayesikiliza. Mwongozo huu umeandikwa na mtu aliyewahi kupewa robo saa hiyo mara nyingi, na ambaye amefikia kuamini kwamba malaria ndani ya jeshi ni jambo la amri kabla ya kuwa jambo la dawa. Anayeizuia hasa ni koplo anayelala hema moja na watu wake, anayewaona wakila, wakivaa na wakienda lindoni. Kwa hiyo hatua nyingi zilizomo humu zimeelekezwa kwake, na kwa mkubwa anayepaswa kumuuliza kama amezitekeleza.

Hatua ya kwanza: Wajue watu wako na umjue mbu wako

Malaria inayoua pwani yetu husababishwa zaidi na kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum, ambacho huingizwa mwilini na mbu jike wa jamii ya Anopheles. Mbu huyo, au imbu kama wasemavyo Waamu, huuma tangu giza linapoingia hadi alfajiri. Wako wanaopenda kuingia ndani ya nyumba usiku wa manane, na wako, hasa Anopheles arabiensis, ambao huridhika kumuuma mtu nje, mapema jioni, akiwa bado anakunywa chai. Aghalabu mbu hawa hutaga katika maji matamu, lakini pwani tunaye pia Anopheles merus, ambaye huzaliana katika maji yenye chumvi. Hivyo kamanda anayepiga kambi karibu na mikoko kwa kudhani kwamba maji ya chumvi hayana mbu wa malaria amejidanganya.

Baada ya kumjua mbu, tazama orodha ya majina. Kijana aliyekulia Nyandarua au Nyeri, mahali ambapo baridi haimwachii mbu huyu nafasi, hana kinga yoyote ya mwili dhidi ya malaria, na ugonjwa unaweza kumpeleka kutoka homa ya kawaida hadi kupoteza fahamu kwa muda mfupi sana. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba aliyezaliwa Mpeketoni au Malindi, kisha akakaa miaka kadhaa katika kambi za bara, naye amepoteza sehemu kubwa ya kinga aliyokuwa nayo, kwa kuwa kinga hiyo hudumu kwa kuumwa mara kwa mara. Sentensi ya “mimi ni mtu wa pwani, hayo ni ya wageni” huisikia kila tabibu, na wanaoisema huonekana wodini kama wengine. Wote wahesabiwe kuwa wageni.

Chanjo isitarajiwe kuziba pengo hili. Chanjo ya RTS,S iliyoanza kutolewa nchini Kenya mwaka 2019, na ile ya R21 iliyoifuata, zimewekwa kwa ajili ya watoto wadogo.

Hatua ya pili: Chagua dawa ya kuzuia, kisha uhakikishe inamezwa

Uchaguzi wa dawa ni kazi ya daktari, na ufanywe wiki tatu kabla ya safari, si siku ya safari. Dawa zinazofikiriwa mara nyingi ni tatu. Doksisaiklini humezwa miligramu 100 kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya kufika, siku zote za kukaa, na kwa wiki nne baada ya kuondoka. Humezwa baada ya chakula, kwa bilauri nzima ya maji, na mwenye kumeza asilale kwa muda wa saa moja, kwa sababu kidonge kinachonasa njiani huchoma umio na kuacha kidonda ambacho humfanya mtu ashindwe kumeza hata uji. Pia hufanya ngozi iungue upesi kwa jua, jambo lisilo dogo kwa anayeshinda ndani ya boti. Mjamzito hapewi.

Ya pili ni mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili, miligramu 250 kwa 100, kidonge kimoja kila siku pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Hiyo huanza siku moja au mbili kabla, na huendelea siku saba tu baada ya kuondoka, maana humwua mdudu, yaani kimelea, akiwa bado ndani ya ini. Bei yake ni kubwa, kwa hiyo huwafaa zaidi wanaokwenda kwa muda mfupi. Ya tatu ni meflokwini, miligramu 250 mara moja kwa wiki, ambayo huanza wiki mbili au tatu kabla ili madhara yake yaonekane mtu angali nyumbani, na huendelea wiki nne baadaye. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake kali kuliko yote, kwa sababu ya kizunguzungu, ndoto za kutisha, wasiwasi na kuvurugika kwa akili, ambavyo kwa baadhi ya watu havikuisha baada ya kuacha dawa. Haifai kwa mwenye historia ya kifafa au maradhi ya akili. Kwa maoni yangu, mtu atakayekaa lindoni usiku na bunduki mkononi apewe dawa nyingine yoyote kwanza.

Hata hivyo, kikosi hakiangushwi na kuchagua dawa vibaya. Kinachokiangusha ni kutoimeza. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambamo walikuwamo askari wa KAR (King’s African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) kutoka nchi zetu, ilishuka katika bonde la Kabaw huko Burma, mojawapo ya mabonde yaliyosifika vibaya kwa malaria. Jeshi zima la 14 la Uingereza, ambalo divisheni hiyo ilikuwa sehemu yake, chini ya Jenerali William Slim, lilikuwa likipewa mepakrini, kidonge kichungu kilichogeuza ngozi kuwa ya manjano, na ambacho askari walinong’onezana kwamba humaliza nguvu za kiume. Slim hakubishana na uvumi. Alikuwa akituma watu kukagua kikosi kizima kwa ghafula, na ikionekana kwamba waliomeza hawafiki asilimia 95, kamanda wa kikosi hicho alivuliwa madaraka. Baada ya makamanda watatu kuondolewa, waliobaki walielewa.

Kinyume chake kilionekana Liberia mwaka 2003. Wanajeshi wa Marekani wapatao 290 walishuka pwani wakiwa wamepewa meflokwini, na 80 kati yao wakaugua malaria. Damu yao ilipopimwa, wengi hawakuwa na dawa ya kutosha mwilini. Vyandarua havikutumika, na waliokuwa na nguo zilizotiwa dawa walikuwa wachache. Jeshi tajiri kuliko yote duniani lilikuwa na kila kitu ghalani.

Kwa hiyo dawa isigawiwe ili kila mtu ameze kwa wakati wake. Saa inayofaa ni baada ya chakula cha jioni, kwa kuwa doria nyingi huondoka kabla ya mapambazuko na asubuhi hakuna anayekula vizuri. Watu wasimame mstari, koplo ampe kila mmoja kidonge chake mkononi, aone kikimezwa, aone maji yakinywewa, kisha aweke alama mbele ya jina. Yeye mwenyewe ameze wa kwanza, na kamanda wa kombania aonekane akimeza walau mara moja kwa wiki. Katika mwezi wa Ramadhani, wanaofunga wameze baada ya kufuturu na kula, wala wasiahirishe hadi daku halafu wakarudi kulala. Anayekwenda doria ya siku tatu apewe vidonge vya siku sita, vikiwa ndani ya mfuko usiopenya maji, kwani doria ya Boni wakati wa mvua hairudi siku iliyopangwa. Aliyesahau ameze anapokumbuka, asimeze viwili kwa pamoja.

Kuhusu uvumi wa nguvu za kiume, ambao ulihama kutoka mepakrini na kuiandama kila dawa iliyofuata, usiucheke mbele ya watu. Mwite tabibu, aeleze mara moja kwa sauti ya kawaida kwamba dawa hizi hazifanyi hivyo, kisha mstari uendelee.

Hatua ya tatu: Nguo na mafuta ya kupaka

Magwanda yatiwe permethrini, dawa ya kuua wadudu, kabla ya safari. Yaliyotiwa kiwandani hudumu muda mrefu zaidi. Yale yanayopuliziwa kambini hudumu kwa kufuliwa mara chache tu, takriban sita, kwa hiyo koplo aandike tarehe ndani ya ukosi. Dawa hii hupuliziwa nguo ikiwa imetundikwa, na isivaliwe mpaka ikauke kabisa. Haipakwi mwilini. Ikiwa mbichi ni sumu kwa paka, na kila anayeijua Lamu anajua kwamba hakuna mahali palipokosa paka. Nguo zitundikwe juu, mbali nao. Ni sumu kali pia kwa samaki na kamba, hivyo ndoo isimwagwe kisimani, mferejini wala kwenye hori la bahari ambako wavuvi wanategemea riziki yao.

Sehemu zilizobaki wazi, yaani uso, shingo, masikio, viganja na vifundo vya miguu, zipakwe dawa ya kufukuza mbu yenye DEET ya asilimia 30 hivi, kabla ya magharibi. Hufanya kazi kwa takriban saa sita, lakini kwa joto na jasho la pwani ni vizuri kurudia mapema. Anayepaka pia mafuta ya kujikinga na jua atangulize hayo, kisha dawa ya mbu juu yake. DEET huharibu plastiki, kwa hiyo mikono ipanguswe kabla ya kushika miwani, saa au darubini. Mikono ya shati ishushwe na suruali ichomekwe katika viatu kuanzia jua linapoanza kushuka. Amri hii ndiyo inayovunjwa upesi kuliko zote, kwa sababu saa hiyo ndipo watu huoga na kuvaa kaptura na malapa.

Hatua ya nne: Mahali pa kambi

Ikiwa kuna uhuru wa kuchagua, piga kambi mahali palipoinuka na penye upepo, zaidi ya kilomita moja kutoka kwenye maji yaliyotuama na makazi ya watu. Ukaribu na kijiji si kosa la wanakijiji. Ni kwamba watoto wengi hubeba vimelea bila kuonekana wagonjwa, na mbu huvichukua kutoka kwao. Upepo wa kusi na kaskazi ni rafiki, maana mbu hawezi kushindana nao. Hema lililofichwa nyuma ya vichaka kwa sababu za usalama hupoteza msaada huo, na kamanda ajue anaulipia.

Watu hupenda sana kufyeka majani kuzunguka kambi, kwa kuwa kazi hiyo huonekana. Mimi ningewaondoa nusu ya wafyekaji niwape majembe. Mbu wa malaria hazaliwi katika majani. Huzaliwa katika dimbwi dogo lenye jua, na madimbwi mengi huchimbwa na kikosi chenyewe: mashimo yaliyotolewa mchanga wa kujaza magunia, alama za magurudumu ya malori, mahandaki yasiyotumika, mahali maji ya kuogea yanapomwagika. Nyayo za nyati au punda zilizojaa maji ya mvua zinatosha. Kutoka yai hadi mbu mwenye mabawa huchukua kiasi cha wiki moja hadi mbili kwa joto la huku, kwa hiyo msako wa kila wiki, siku ile ile, wa kufukia, kumwaga na kufunika unatosha kuwawahi mabuu kabla hawajaruka. Masika na vuli msako ufanywe mara mbili kwa wiki.

Matangi yafunikwe kwa wavu. Yasiyofunikika yana dawa ya zamani kuliko jeshi lolote: katika birika za nyumba na misikiti ya Lamu, wazee walifuga visamaki vidogo vya kula mabuu ya mbu, na ndani ya birika nyingine waliweka bakuli la kaure chini ili samaki wapate mahali pa kuishi maji yanapopungua. Njia hiyo hufanya kazi katika birika la kambi pia, mradi permethrini isifike hapo.

Hatua ya tano: Chandarua na lindo

Kila mtu awe na chandarua chake chenye dawa, cha umbo la mstatili ili kisiguse mwili, maana mbu huuma kupitia matundu pale ngozi inapolalia wavu. Kishushwe na kuchomekwa chini ya godoro kabla ya giza, si mtu anapokwenda kulala. Tundu lishonwe siku linapoonekana. Kifuliwe kwa nadra, kwa sabuni ya kawaida, na kianikwe kivulini. Moshi wa udi, vitunguu saumu na kinyesi cha ng’ombe kilichochomwa visihesabiwe kuwa badala ya chandarua.

Askari wa lindo hawezi kukaa ndani ya wavu, naye ndiye anayeumwa zaidi kuliko wote. Apakwe dawa mbele ya sajini wa zamu, awe na chupa yake mfukoni, na avae wavu wa kichwa ikiwa haumzuii kuona. Anaporudi saa nane usiku, chandarua chake kiwe tayari kimechomekwa. Asipokikuta tayari atajitupa kitandani alivyo, na hakuna wa kumlaumu.

Hatua ya sita: Homa

Kuanzia siku ya saba baada ya kufika, homa yoyote ihesabiwe kuwa malaria hadi kipimo kikatae, na kipimo cha kwanza kikikataa kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24, halafu tena, maadamu homa ipo. Kumeza dawa za kuzuia hakumwondolei mtu kupimwa. Kipimo cha haraka hubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo aliyetibiwa karibuni huhitaji hadubini. Ni kweli kwamba Lamu ina homa nyingine. Mwaka 2004 chikungunya iliwaangusha watu wengi sana wa mji huo, na mbu wake huuma mchana. Lakini maumivu ya viungo yasimfanye tabibu aseme “hii ni chikungunya” kabla ya kupima malaria.

Shida kubwa ni wanaoficha. Nilimpokea kijana mmoja wa bara aliyekuwa amejikaza siku tatu kwa kuogopa kuitwa mvivu. Usiku wa tatu, wenzake lindoni walimsikia akizungumza taratibu wakadhani anasali, kumbe alikuwa akimjibu mama yake, aliyekuwa maili mamia kadhaa kutoka pale. Alipona, ila kwa shida. Tangu hapo niliwaomba makoplo wasisubiri mtu aseme. Waguse paji la uso la kila mtu kwenye mstari wa dawa jioni. Ni sekunde moja kwa kila mtu.

Malaria isiyo kali hutibiwa kwa AL, yaani mchanganyiko wa artemeta na lumefantrini. Mtu mzima humeza vidonge vinne mara moja, vinne baada ya muda wa saa nane kupita, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata, jumla 24. Dawa hii huingia mwilini vizuri ikiandamana na mafuta: maziwa, au wali wa nazi ikiwa mgonjwa anaweza kula. Akitapika ndani ya nusu saa arudie dozi. Amalize zote hata akijihisi mzima siku ya pili. Kwa taarifa tu, dawa za jamii hii zilitokana na vita: China ilianza kuzitafuta tarehe 23 Mei 1967 ili kuwasaidia askari wa Vietnam Kaskazini waliokuwa wakifa kwa malaria msituni, na Tu Youyou, aliyeongoza ugunduzi huo, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Anayechanganyikiwa, anayepata degedege, asiyeweza kusimama au kuketi, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida, mwenye macho ya manjano au mkojo mweusi, huyo ana malaria kali na vidonge havimtoshi. Achomwe artesuneti ya sindano hapo hapo, miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito; mtu wa kilo 70 huhitaji miligramu 168, yaani chupa tatu za miligramu 60 zifunguliwe. Sindano hurudiwa baada ya saa 12 na saa 24, kisha kila siku mpaka aweze kumeza, halafu apewe AL kamili. Sindano ya kwanza itangulie safari. Wakati wa kusi bahari ya Kiunga huchafuka, barabara ya mji mdogo wa Hindi hukatika kwa mvua, na mgonjwa aliyetakiwa kufika Lamu mchana anaweza kufika kesho yake. Kila kituo cha mbali kiwe na artesuneti, na watu wawili wanaojua kuichanganya. Mmoja akienda likizo, abaki mmoja.

Hatua ya saba: Kurudi nyumbani

Doksisaiklini na meflokwini hazimwui mdudu aliyejificha ndani ya ini. Humsubiri atoke na kuingia kwenye damu, ndiyo sababu humezwa wiki nne zaidi. Lakini wiki hizo nne ndizo ambazo hakuna mstari wala koplo: mtu yuko likizo kwao, amevua magwanda, vidonge vimebaki ndani ya begi. Kikosi kisimwachilie bila vidonge vyake vyote vikiwa vimehesabiwa, na koplo awapigie simu watu wake mara moja kwa wiki kuuliza swali hilo moja.

Kila anayeondoka apewe pia kadi ndogo ya kukaa ndani ya pochi, yenye tarehe aliyotoka Lamu, dawa aliyokuwa akimeza, na maneno yasemayo kwamba akipata homa ndani ya miezi mitatu apimwe malaria siku hiyo hiyo. Nakala abaki nayo mkewe, mumewe au mzazi wake, kwa kuwa katika zahanati ya nyanda za baridi hakuna atakayemfikiria mbu wa Lamu, na mgonjwa mwenyewe huenda asiwe katika hali ya kusema alikotoka.